Ufunguo wa sanduku la maoni: nyumba ya askari wastaafu iwe chini ya nani?

Kikundi cha baba yangu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huku Gongo la Mboto, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chini ya mwembe ambao sijawahi kuuona ukizaa embe la kueleweka. Ni wastaafu wa jeshi ishirini na wawili. Wengi wao walikwenda Kagera wakiwa vijana, na aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala inaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, leo ameshavuka 65. Kikundi kilianza kama cha kuzikana, na kwa muda mrefu hakikuwa na jambo jingine. Kisha mwenzao mmoja, mgane ambaye watoto wake wote wako mikoani, akateleza bafuni, akalala sakafuni usiku kucha mpaka muuza maziwa alipogonga mlango asubuhi. Katika kikao kilichofuata, habari za kuzikana hazikutajwa kabisa. Iliongelewa nyumba.

Mmoja wao ana ekari mbili Chanika na yuko tayari kuzitoa. Hilo lilipita kwa dakika kumi. Kilichotukwamisha, na mpaka sasa kimekula vikao vitatu, ni swali jepesi kulitamka na zito kulijibu: nyumba hiyo iwe chini ya nani? Wapo waliosema tuikabidhi jeshi, maana ndiyo mama yetu. Wapo waliosema ipelekwe ustawi wa jamii, ndio wenye uzoefu wa wazee. Na ipo kambi ya baba yangu, sajinitaji mstaafu asiyependa kuomba ruhusa, inayotaka tuiendeshe wenyewe. Nikaagizwa mimi, kwa kosa la kujua kutumia kompyuta, nikaangalie wenzetu duniani wanafanyaje. Nilichowapelekea nakiweka hapa, kimepigwa pasi kidogo, kwa yeyote aliye kwenye njia panda kama yetu.

Picha za nyumba hizi zinadanganya. Kila moja ina bustani, na kila moja ina mzee anayecheka na muuguzi. Nikaziacha picha, nikawa nauliza mambo manne. Mfawidhi anateuliwa na nani, na nani anaweza kumwondoa? Fedha ya mwezi ujao inatoka wapi? Anayekuja kukagua, anakula sahani moja na anayekaguliwa? Na mzee akiwa na lalamiko, linaishia mezani kwa nani?

Wizara ya ulinzi ikishika usukani: Washington na Gulfport

Serikali kuu ya Marekani ina nyumba mbili zinazoendeshwa kama taasisi moja kwa ajili ya askari wastaafu, hasa wale wa vyeo vya chini: moja Washington, nyingine Gulfport, jimbo la Mississippi, ufukweni kabisa. Ile ya Washington ilianzishwa mwaka 1851, na mtaji wake una kisa. Jenerali Winfield Scott alipouteka mji wa Mexico City mwaka 1847 aliutoza fedha, naye akawazuia askari wake kupora. Zaidi ya dola 100,000 ya fedha hiyo ndiyo iliyoanzisha nyumba. Kwa maneno mengine, mji ulilipa usiporwe, wazee wakapata paa. Baadaye Rais Lincoln akawa anahamia kwenye viwanja vyake kila kiangazi kukimbia joto la mjini.

Wazee wetu hawakujali sana habari za Lincoln. Walikaa wima pale nilipofika kwenye makato. Askari wa vyeo vya chini aliye kazini anakatwa senti 50 kila mwezi kwa ajili ya nyumba hizo; zamani zilikuwa senti 25. Faini wanazotozwa askari wakosefu zinaingia mfuko huohuo, na wakazi nao wanalipa ada kulingana na kipato. Maana yake ni kwamba mstaafu anayeingia pale hapokei sadaka ya mtu. Alianza kuilipia nyumba hiyo akiwa kuruta. Afisa mteule mmoja katika kikundi alitoa kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja: kila askari wa leo akikatwa shilingi elfu moja kwa mwezi, ingekuwaje? Tulipomuuliza idadi ya askari aliyoitumia akafunga ngumi. "Hiyo ni siri ya jeshi," akasema, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mfuko huo una ugonjwa wake. Faini zilipopungua, ulikonda, na Bunge likalazimika kuujazia kutoka hazina kuu. Ukitegemea makosa ya askari kulisha wazee, siku nidhamu ikinyooka wazee wanalala njaa.

Upande wa uongozi, sheria inayoitwa ya mwaka 1991 iliziweka nyumba zote mbili chini ya bodi moja. Baada ya kama miaka kumi bodi ikaondolewa, akawekwa mtendaji mkuu anayewajibika kwa Waziri wa Ulinzi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mambo yakiharibika unajua wa kumkamata shati. Ubaya wake ni kwamba bodi ina watu wengi wa kusema "hapana", na mtendaji mmoja yuko peke yake mbele ya bajeti. Mwaka 2005 wakazi wa Washington walikwenda mahakamani kulalamikia huduma za afya zilizopunguzwa. Sheria inawapa kamati ya wakazi, mpokea malalamiko ndani ya kila nyumba, na ukaguzi wa mkaguzi mkuu wa wizara hiyohiyo ya ulinzi. Si haba. Lakini wazee wenye kamati na mpokea malalamiko walipoona wameminywa, ilibidi waende kwa hakimu.

Halafu kikaja kimbunga Katrina, tarehe 29 Agosti 2005. Nyumba ya Gulfport iliharibika vibaya, na mamia ya wazee wakapakiwa kwenye mabasi mpaka Washington, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Nyumba mpya ya Gulfport ilifunguliwa Oktoba 2010. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wale wanaotaka tuikabidhi jeshi. Wizara ina mabasi, ina vitanda mahali pengine, ina amri inayotekelezwa usiku huohuo. Sisi ekari zetu mbili zikifurika mvua za masika, tutawahamishia wapi wazee kumi na wawili? Kwa baba yangu kuna vyumba viwili, na kimoja kimejaa kuku.

Makamishna na koti jekundu: Chelsea ya London

Royal Hospital Chelsea iliasisiwa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1682, na wazee wa kwanza wakaingia 1692. Neno "hospitali" hapo lina maana ya kale, mahali pa kuhifadhi watu. Wakazi ni kama 300, wanajulikana kwa makoti mekundu wanayovaa kwenye shughuli, na uwanja wao ndio unaofanyiwa yale maonyesho maarufu ya maua tangu 1913. Inaongozwa na baraza la makamishna, na Gavana wake kwa desturi ni jenerali mstaafu. Wizara ya Ulinzi inatoa ruzuku; sehemu nyingine inatafutwa kwa michango kama shirika lolote la hisani.

Kilichonivutia ni ukaguzi. Upande wa matunzo ya wagonjwa unakaguliwa na tume ya kiraia, ileile inayokagua nyumba nyingine za wazee England. Mkaguzi huyo hasalimu amri ya mtu. Jenerali kwake ni msimamizi wa wodi tu, na kama kitasa cha mlango wa choo ni kibovu ataandika kibovu.

Mkataba wa kuingia ndio ulioleta kelele chini ya mwembe. Mzee anayekubaliwa Chelsea anaiachia nyumba pensheni yake ya jeshi. Anapewa chumba, chakula, matibabu na sare. Tena asiwe na mke au mume anayemtegemea. Kwa London labda inaeleweka. Kwa Dar es Salaam, pensheni ya mzee haijawahi kuwa ya mzee peke yake: inanunua umeme wa LUKU, inalipa nauli ya mjukuu, inamtoa shemeji hospitali. "Nikiwaachia pensheni," baba alisema, "mama yenu nimwachie nini, koti jekundu?" Hoja ikafa palepale, ingawa nilitaka kuwaeleza kwamba wanawake walianza kupokelewa Chelsea mwaka 2009 tu, zaidi ya miaka 300 baada ya kuanzishwa. Kikundi chetu kina mwanamke mmoja, koplo mstaafu. Aliuliza kwa upole kama ramani ya Chanika ina vyoo vya wanawake. Haikuwa navyo.

Kila mtu ni bosi, hakuna bosi: Holyoke

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pa kujifunzia.

Mbali na zile mbili za serikali kuu, majimbo ya Marekani yana nyumba zao za askari wastaafu. Jimbo ndilo mwenye nyumba. Idara ya serikali kuu inayoshughulikia wastaafu wa jeshi inachangia kiasi fulani kwa kila mkazi kwa siku, inaweza kubeba hadi asilimia 65 ya gharama za ujenzi, na inatuma wakaguzi kila mwaka. Kwenye karatasi ni ndoa nzuri: mmoja anamiliki, mwingine anachangia na kukagua. Massachusetts ilikuwa na nyumba mbili za namna hiyo, moja katika mji unaoitwa Chelsea (nao ni Chelsea, usichanganye na ya London), nyingine Holyoke.

Machi 2020 korona iliingia Holyoke. Wauguzi wakapungua, wengine wagonjwa, wengine wameogopa. Tarehe 27 Machi uongozi ukaunganisha wodi mbili za wazee waliopoteza kumbukumbu. Uchunguzi ulioagizwa na gavana, uliotolewa Juni mwaka huo, ulieleza kwamba wazee 42 walibanwa mahali pa watu 25, walioambukizwa na ambao bado. Waliokufa hawakupungua 76. Jimbo lilikuja kukubali kulipa familia dola milioni 56.

Virusi viliua wazee kila mahali mwaka ule, kwa hiyo swali la haki ni kwa nini pale hali ilikuwa mbaya kiasi kile. Uchunguzi ulirudi kwenye utawala. Mfawidhi alikuwa afisa wa jeshi mstaafu ambaye hakuwahi kuendesha nyumba ya wazee. Bodi ya wadhamini ilikuwepo, wajumbe wake wakiteuliwa na gavana. Idara ya jimbo ya wastaafu wa jeshi ilikuwepo. Wizara ya juu yake ilikuwepo. Wakaguzi wa serikali kuu walikuwa wakija. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kamba, na hakuna aliyekuwa ameshika ncha. Mfawidhi alionekana mtu wa gavana, na mtu wa gavana bodi humgusa kwa tahadhari.

Nililisoma hilo kwa sauti, na ukimya ulioingia haukuwa wa kawaida. Nusu ya kikundi ilikuwa imeshapendekeza kwamba mfawidhi wetu awe "afisa mstaafu mwenye heshima zake". Mwaka 2022 Massachusetts ilibadili sheria: mkuu wa nyumba lazima awe na leseni ya kuendesha nyumba za uuguzi, na masuala ya wastaafu yakapewa waziri wake anayeripoti kwa gavana moja kwa moja. Ukiisoma sheria hiyo polepole, ni orodha ya yale yaliyokosekana.

Bila nyumba kabisa, na wenyewe kwa wenyewe

Kanada walichagua njia fupi zaidi. Tarehe 1 Aprili 2016 waliikabidhi hospitali ya Ste. Anne, iliyokuwa ya mwisho ya serikali kuu kwa wastaafu wa jeshi, kwa jimbo la Quebec. Siku hizi serikali inalipia vitanda katika nyumba na hospitali zinazoendeshwa na wengine. Hakuna paa la kuezeka wala mpishi wa kuajiri. Ila uwezo wako unaishia kwenye mkataba: huduma ikiwa mbaya utahamisha fedha, na mzee atahama na mkoba wake.

Australia chama cha wastaafu wenyewe ndicho kilichozaa shirika kubwa la nyumba za wazee huko New South Wales. Ndiyo ndoto ya baba yangu. Lakini uchunguzi wa serikali uliotoa ripoti mwaka 2018 ulikuta viongozi wa chama wakilipwa ada za ushauri na shirika hilo, kwa nafasi ambazo wanachama waliamini ni za kujitolea. Kwa lugha ya kwetu: posho. Walikuwa askari pia, waliokula kiapo kilekile, na kiapo hakikuzuia.

Sasa tushuke Kigamboni

Serikali yetu ina makazi ya wazee, na la karibu na sisi ni Nunge, Kigamboni. Mengine yako mikoani: Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza. Yako chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotungwa mwaka 2003, inataka mzee atunzwe na familia na jamii yake kwanza, makazi yawe kimbilio la mwisho. Kwa hiyo mlango wa makazi hayo ni wa mzee asiye na ndugu wala uwezo. Haulizwi alipigana wapi.

Wale waliotaka "tuipeleke ustawi wa jamii" hawakuwa wameliona hilo. Ukikabidhi nyumba, unakabidhi na mlango. Mwenzetu aliyelala sakafuni bafuni ana pensheni na watoto wanne wenye kazi. Kwa kipimo cha sera huenda asingeruhusiwa kuingia kwenye nyumba iliyojengwa kwa sababu yake. Kinyume chake, mzee wa Chanika asiyewahi kushika bunduki lakini hana mtu, angeingia, na ingekuwa haki yake.

Faida ya njia hii ni kwamba mshahara wa mfawidhi hautegemei michango ya wastaafu, na hesabu zinapitiwa na Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake hufika bungeni kila Aprili. Hilo si dogo. Ila mkaguzi wa hesabu anatafuta risiti ya unga. Kama uji ulifika kitandani ukiwa wa baridi, si kazi yake.

Hapo ndipo ninapoleta sanduku. Katika kuzunguka kwangu nilitembelea nyumba moja ya wazee, si ya serikali, sitaitaja. Safi, sakafu inang'aa, ratiba ya chakula imebandikwa. Ukutani kando ya ofisi kuna sanduku la maoni la mbao, lina tundu la karatasi na kufuli la shaba, na kalamu imefungwa kwa uzi wa katani ili isiibiwe. Nikakaa na mzee mmoja, askari wa zamani. Ungejua tu kwa kutazama kitanda, shuka limevutwa hata sarafu ingeruka juu yake, na sanduku lake la bati chini limechorwa namba kwa rangi nyeupe. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza kama huwa anaandika maoni.

"Niliandika mara moja," akasema. "Habari ya dawa kuchelewa."

"Ikawaje, mzee?"

"Jioni mfawidhi akaniita ofisini. Karatasi yangu anayo mkononi." Akanyoosha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka. "Mwanangu, ufunguo anao yeye."

Nyumba ile ilikuwa na bodi. Ilikuwa na cheti ukutani. Nilipouliza bodi hukutana lini nikaambiwa "ikihitajika".

Zikiwekwa bega kwa bega

Ukipima kwa usalama wa fedha, wizara ya ulinzi inaongoza, ustawi wa jamii inafuata, Chelsea iko katikati kwa kuwa na miguu miwili, na kikundi kama chetu kiko mkiani bila ubishi. Ukipima kwa ukaguzi, Chelsea inashinda kwa sababu macho yanatoka nje. Ukipima kwa nani anaingia, nyumba ya wenyewe inashinda, maana mlango unaushika wewe. Kwa hatari ya ghafla, mafuriko au maradhi, usibishane na mwenye mabasi.

Kwenye lalamiko la mzee ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Nilianza nikiamini jeshi lingekuwa pazuri: lina hospitali yake Lugalo, lina ulinzi, lina kumbukumbu za kila askari. Lakini nimekaa na kikundi hiki vikao kumi sasa, na kuna jambo siwezi kuacha kuliona. Akija yule luteni kanali mstaafu, hata kama amechelewa nusu saa, wenzake wanasimama. Na ikifika kupiga kura kwa mikono, mikono inainuka baada ya wake. Hakuomba hivyo, wala si mtu wa majivuno; juzi nilimwona akimwoshea koplo vikombe. Ila cheo hakistaafu. Sasa muweke mzee aliyekuwa praiveti kwenye nyumba ambayo mfawidhi ni meja aliye kazini, aliyepangiwa hapo kwa amri na atakayehamishwa kwa amri. Dawa zikichelewa atasema nini zaidi ya "ndiyo afande"?

Kwa hiyo ushauri wangu kwao ulikuwa huu. Kama kikundi hakina uhakika wa angalau mwaka mzima wa chakula na mishahara, kisijenge. Kifanye kama Kanada kwa udogo wake: kichangie mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kila asubuhi, na kilipie kitanda kwa anayezidiwa, mkataba ukiwa umeandikwa. Hilo lingemwokoa mwenzetu wa bafuni kwa gharama ndogo kuliko bati za paa. Baba hakulipenda, ila hakulipinga kwa nguvu zake zote, na mimi namjua.

Kama uhakika upo, na kiwanja kipo, basi iundwe bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kwa sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya tofali, hati ya zile ekari mbili iingie kwenye jina la wadhamini. Mwenye kiwanja ni mtu mwema na ana watoto saba. Wema wake haurithiwi, kiwanja kinarithiwa. Kisha bodi isijazwe wastaafu watupu. Tulikubaliana wajumbe saba: watatu wa kikundi, muuguzi, mhasibu, mwanasheria, na mmoja anayechaguliwa na wakazi wenyewe kwa kura ya siri, mwenye haki ya kupiga kura kama wengine. Kura ya siri ilinigharimu nusu saa ya mabishano. Luteni kanali ndiye aliyeimaliza: alisema yeye ataipigia kura, halafu akatoka nje ili wengine wapige bila kumtazama.

Mfawidhi awe mtu wa fani ya uuguzi au ustawi wa jamii, na cheo cha jeshi kisiwe sifa. Bodi imwajiri, bodi imwondoe, kwa akidi iliyotajwa ili asije akalindwa na wawili waliokunywa naye chai. Jeshi tuliombe mambo mahususi: matibabu, usafiri wa dharura, na siku moja huenda mbegu ya makato kama yale ya senti 50. Funguo za nyumba tusiziguse katika maombi hayo. Nimewaonya kwamba makato hayawezi kuanzia chini ya mwembe, ni suala la ngazi za juu kabisa. Afisa mteule wa hesabu za kiganja bado ana matumaini. Pale Posta, akasema, askari wa shaba amesimama tangu 1927, hali chakula, haumwi, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu gharama zake.

Kikao cha Jumamosi iliyopita tulipitia rasimu ya katiba kifungu kwa kifungu. Kile cha sanduku kimepita bila kupingwa: makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mwakilishi wa wakazi, wa pili kwa mjumbe wa bodi asiye mwanajeshi, na linafunguliwa wote wawili wakiwepo. Vyoo vya wanawake vimeongezwa kwenye ramani. Kifungu kinachosema wajumbe wa bodi hawatalipwa posho ya kikao kimeahirishwa hadi mwezi ujao, kwa maelezo kwamba muda umekwisha. Ilikuwa saa tano asubuhi.